DAWA YA KUSUKUTUA MDOMO: KUMBE ILIANZIA KWENYE VIDONDA!

Ile chupa inayokaa pembeni ya mswaki wako haikuanzia bafuni. Mwaka 1879 daktari mmoja wa St. Louis, Marekani, alitengeneza Listerine kwa ajili ya kuua vijidudu kwenye vidonda na upasuaji. Mwaka 1895 ikaanza kuuzwa kwa madaktari wa meno, na 1914 ikaingia madukani, mtu ananunua bila cheti cha daktari.

Mchezo ukabadilika miaka ya 1920. Wenye kampuni wakafukua neno la kidaktari, halitosis, yaani kunuka mdomo, wakalijaza magazetini. Tangazo moja maarufu lilikuwa la dada mrembo anayesimamia harusi za wenzake kila siku ila yeye haolewi, kisa mdomo! Nani asiogope hapo? Watu wakanunua, mauzo yakapaa.

Ila ujanja nao una mwisho. Matangazo yalikuwa yakidai pia kwamba inazuia mafua. Miaka ya 1970 serikali ya Marekani ikaibana kampuni, ikailazimisha itangaze yenyewe kwamba haizuii mafua wala koo kuuma.

Kusukutua kunasaidia, sawa, ila utando ulioganda kwenye meno unatolewa na mswaki. Na kama unapiga mswaki vizuri na mdomo bado unanuka kila siku, usikimbilie chupa nyingine, kamwone daktari wa meno. Aibu ndiyo iliyouza dawa hii, isije ikakuzuia wewe kutibiwa.