Mchemraba na Vazi Lake

Mchemraba una nyuso sita, na mwalimu wa hesabu hana haja ya kusema zaidi. Kwa mchoraji wa kompyuta mambo ni mengine: kila uso hukatwa pembetatu mbili, kisha hutandazwa picha ya mbao, udongo au jiwe. Picha hiyo ndiyo imtaabishayo mfasiri.

Mwaka 1974 Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alionyesha namna ya kutandaza picha bapa juu ya uso uliopinda. Neno la Kiingereza lililoshika lina asili ya ufumaji. Mfasiri akiandika "mkwaruzo", mwanafunzi atatafuta mkwaruzo usiokuwapo, maana uso umebaki laini na rangi tu ndiyo iliyobadilika. Kwa maoni yetu "vazi" lafaa zaidi, kwani kitenzi nacho huja chenyewe: mchemraba huvishwa.

Mwaka 1983 Lance Williams alieleza njia ya kuweka vazi moja kwa vipimo vingi, kila kimoja nusu ya urefu na upana wa kilichotangulia, ili mchemraba ulio mbali uvae kilicho kidogo. Jina la njia hiyo alilitoa katika Kilatini, kwa maneno yenye maana ya "mengi ndani ya kidogo". Wenye Kiingereza nao hukopa!

Wingi wa michemraba ulileta shida nyingine. Katika mchezo wa Minecraft, uliotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2009, pande la 16 kwa 16 kwa 16 lina michemraba 4,096, yaani nyuso 24,576. Pande likijaa, nyuso za nje ni 1,536 tu. Nyingine zimegusana, na programu haizichori. Mavazi yote yalikusanywa katika picha moja ya nukta 256 kwa 256, ili kadi ya michoro isikatizwe kila mara kubadili vazi, na pande zima likachorwa kwa mkupuo mmoja.

Nyuso zile za ndani tuziite "zilizofichika", wala si "zilizofichwa": hakuna aliyezificha, zimezibwa na jirani zake. Kitendo cha kuziondoa wengine wangependa kukiita "kufuta". Lakini hufutwa kilichokwisha kuchorwa. Hizi hutengwa kabla ya kuchorwa, kama makapi yanavyotengwa na mchele kabla ya kupikwa. Kwa hiyo twapendekeza "kupepeta nyuso".