Mkanda wa redio shingoni mwa ndovu: unavyofanya kazi na mipaka yake

Kufikia mwaka 1983, vifaru wa porini walikuwa wamemalizwa na majangili nchini Uganda, na ndovu walikuwa wamesalia takriban 2,000. Hii leo ndovu wamezidi 7,000. Vifaru nao walianza kurejeshwa mwaka 2005 katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, kaskazini mwa Kampala. Katika kuwalinda wanyama hao, askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), yenye makao makuu jijini Kampala, sasa husaidiwa na vifaa vya kufuatilia nyendo kwa mawimbi ya redio.

Mawimbi yanaeleza nini?

Mnyama hudungwa sindano ya usingizi, kisha daktari wa wanyamapori humvisha mkanda wenye kifaa cha GPS. Kifaru, ambaye mkanda humvuka shingoni kwa urahisi, aghalabu huwekewa kifaa ndani ya pembe. Kifaa hutambua mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti, halafu hutuma taarifa kupitia setilaiti, minara ya simu au redio za nguvu ndogo zinazofika mbali, kama zile zilizowekwa katika mbuga ya Akagera, Rwanda.

Taarifa huonekana kwenye ramani. Alama ikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, huenda mnyama amenaswa au amekufa. Ikielekea mashambani, askari hupata nafasi ya kumrudisha ndovu kabla hajala mahindi na kabla wanakijiji hawajashika mikuki.

Mipaka yake

Ujangili mwingi nchini Uganda ni wa kutafuta nyama, na silaha yake ni kitanzi cha waya. Kitanzi hicho hakichagui: aliyetegewa ni swala, anayenaswa huenda akawa simba. Wanyama walio wengi hawana mikanda, kwa hiyo mitego hiyo huondolewa na askari wanaofanya doria kwa miguu. Isitoshe, betri huisha, na taarifa za mahali alipo mnyama zikivuja, humwelekeza jangili kwenye windo lake.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, na Kampala ina mahakama inayosikiliza kesi hizo. Hata hivyo, mashtaka huanza pale mtuhumiwa anapokamatwa, na ishara ya redio haina faida iwapo askari hana gari, mafuta wala njia ya kufika kwa wakati.