Wakati Kuokoka Kulikuwa na Bei

Siku hizi ukisema "nimeokoka", unajibiwa "Bwana asifiwe" na maisha yanaendelea. Lakini nikisoma historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki naona neno hilo lilikuwa na bei.

Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kufikia 1937 moto huo ulikuwa umefika Kabete. Waliookoka walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakaitana ndugu, Mzungu na Mwafrika.

Kisha ikaja hali ya hatari, Oktoba 1952. Huko Ukikuyuni, ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo, ya mbuzi hawainywi. Serikali ilipowapa bunduki, baadhi wakazikataa pia. Wako waliouawa.

Kuna wanaosema walikwepa vita vya ardhi. Swali hilo linanisumbua, maana ardhi iliibwa kweli. Lakini kuwaita waoga? Hapana. Mwoga angekula kiapo usiku, asubuhi akachukue bunduki.