Tukose neno la mkao wa mawimbi hadi lini?

Nilipokuwa Githongo, kaunti ya Meru, nilimkuta fundi kijana juu ya paa akigeuza erio ya televisheni, naye mama mwenye nyumba akipaza sauti: “Hapo! Hapo hapo, usiguse!” Kwa udadisi nilimwomba aizungushe robo mzunguko, vijiti vilivyolala visimame wima. Picha iliganda, kisha ikatoweka.

“Prof, hivyo haishiki,” akacheka. “Lazima ikae vile mawimbi yanakaa.”

Hakujua kwamba alikuwa amerudia jaribio la Heinrich Hertz. Mnamo 1888, Mjerumani huyo alionyesha kuwa mawimbi ya redio yana mkao: kipokezi kikikingamana na kitumaji, cheche hutoweka. Shuleni jambo hili huitwa polaraizesheni.

Kulinda mkao huo kumewahangaisha wahandisi tangu hapo. Mwaka wa 1953, Georges Deschamps alipendekeza antena bapa: kipande chembamba cha metali juu ya ubao wa kuhami, na chini yake bamba jingine. Katika miaka ya 1970, Robert Munson na John Howell waliifanya itumike. Ilikuwa nyepesi, ila ukanda wake wa masafa ulikuwa finyu. Kipande kilipoinuliwa ili kuupanua, waya wa kukilisha nao ulirefuka, ukaanza kurusha mawimbi yake wenyewe yenye mkao usiotakiwa. Dawa mojawapo ni kukilisha kipande hicho kutoka pande mbili kwa ishara zinazopingana. Uchafu wa huku hufuta wa kule.

Nimeyaeleza haya kwa Kiswahili wala lugha haijaishiwa pumzi. Hata neno antena, kwa Kilatini, lilimaanisha foromali, ule mti wa kutwekea tanga ambao manahodha wa Lamu wanaujua fika. Kumbe wenzetu waliazima la baharini wakalipandisha paani! Sisi twaogopa nini?

Napendekeza tuseme ‘mkao wa wimbi’, na ule unaovuja tuuite ‘mkao mtambuka’. Mwanafunzi anayekariri ‘polaraizesheni’ hulisahau mtihani ukiisha, kwa kuwa halimwonyeshi kitu. ‘Mkao’ humwonyesha. Nami sikulitoa kamusini. Nililisikia kwa fundi yule wa Githongo. Wanaistilahi, mwasemaje?