Daktari Aliyekaa Karema Miaka 67

Mgeni anayefika Ujiji hupelekwa kwenye mnara wa Livingstone, pale penye miembe, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Ni mara chache anaelezwa kuwa mzee yule alikuwa daktari, na kwamba alipoingia Ujiji kwa mara ya kwanza mwaka 1869 alikuwa hoi kwa maradhi. Sanduku lake la dawa liliibwa njiani Januari 1867, na yeye mwenyewe aliandika kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo.

Waliomfuata walionja machungu hayohayo. Wamisionari wa London Missionary Society waliingia Ujiji Agosti 1878. Mwezi uliofuata wakamzika mwenzao, Thomson. Januari 1879 wakafika Mapadri Weupe, nao wakaanza kuzika watu wao. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo, akapiga hesabu. Daktari wa kutoka Ulaya ni ghali, na akifika bara ama atakufa mapema ama ataondoka. Mwaka 1881 akafungua nyumba huko Malta, vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wapate kusomea udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho, kisha watumwe bara kama madaktari na makatekista, waoe huko na waishi huko.

Mmoja wao ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu yapata mwaka 1866, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko mapadri wakamnunua na kumwacha huru. Mwaka 1888 alimaliza masomo, akapanda meli hadi Zanzibar, akajiunga na msafara wa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika. Alifika Karema, kusini mwa Kigoma kwenye mwambao uleule wa mashariki, mwaka 1889. Hapo ndipo alipotibu watu hadi kifo chake mwaka 1956.

Miaka 67 katika kituo kimoja. Sijui ni daktari gani mwingine katika historia ya nchi hii wa kulinganishwa naye kwa hilo.

Karema ilikuwa ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kuachiwa mapadri mwaka 1885. Ndani yake na pembeni yake waliishi watu waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, wengi bila ndugu wala shamba, na kuizunguka palikuwa na vijiji vya Wabende. Kwinini, bandeji, visu vya upasuaji, vyote vilitoka pwani kichwani mwa mpagazi kwa mwendo wa miezi. Chupa ikivunjika kule Ugogo, mgonjwa wa Karema angesubiri msafara mwingine. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini vita vikaingia mara moja. MV Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuopolewa baadaye, ilirudi kazini mwaka 1927. Kufikia hapo Atiman alikuwa ameshatibu kwa miaka 38.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Kibende, na mtoto wao Joseph akapewa upadri mwaka 1923. Naona ndoa hiyo ilikuwa na uzito sawa na cheti cha Malta. Mkwe hufuatwa hata usiku wa manane. Hakuna anayeona haya kumgongea mlango. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea mwambaoni, na serikali ya Kijerumani ikafungua kambi za matibabu kando ya ziwa. Sindano za atoksili ziliwapofusha baadhi ya wagonjwa, na watu wengi wakazikwepa kambi hizo. Sindano inahitaji mtu anayeaminika nyuma yake.

Kinachoniuma ni kwamba mpango wenyewe uliachwa. Nyumba ya Malta ilifungwa kabla ya karne ya 19 kwisha, na misheni za bara zikarudi kuwategemea madaktari wa kigeni, Mwafrika akibaki muuguzi au msaidizi. Makerere ilipoanza kufundisha utabibu mwaka 1924, Atiman alikuwa kazini kwa miaka 35 tayari. Ushahidi ulikuwepo, unatembea kando ya ziwa.

Leo hospitali ya Kabanga ya Wakatoliki kule Kasulu, ile ya Heri ya Waadventista kule Buhigwe na hospitali ya Wabaptisti mjini Kigoma bado zinahudumia wakulima na wavuvi. Sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku hospitali za kutafuta faida iliziacha za dini ziendelee, na mwaka 1992 makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii na kutiliana saini na serikali makubaliano ya kushirikiana. Ruzuku huja, watumishi wa serikali huazimwa, lakini sehemu kubwa ya mishahara bado hutoka kwenye ada ya mgonjwa aliyeuza dagaa au maharage. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa afya, waganga na wauguzi wengi wa hospitali za kanisa nchini walihamia serikalini, na siwalaumu: wana watoto wa kusomesha na wanahitaji pensheni. Mpaka leo, swali gumu zaidi kwa msimamizi wa kituo cha kanisa mwambaoni ni namna ya kumlipa tabibu ili abaki.