Upimaji wa matokeo katika maktaba

Upimaji wa matokeo katika maktaba ni kazi ya kuchunguza mabadiliko yanayowapata watu baada ya kutumia huduma za maktaba au kuhudhuria programu zake. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa ya ujuzi, ya kujiamini au ya mwenendo. Kazi hii hutegemea sana ushiriki wa wafanyakazi wa maktaba, kwa sababu wao ndio wanaoendesha programu na kukutana na wasomaji kila siku.

Tofauti na takwimu za kawaida

Kwa muda mrefu maktaba zimehesabu vitabu vilivyoazimwa, watu walioingia na watu waliohudhuria programu. Hesabu hizo huonyesha ukubwa wa kazi iliyofanyika, lakini hazionyeshi faida aliyopata msomaji. Kwa mfano, kusema kwamba watu 15 walihudhuria somo la kompyuta ni kutaja idadi. Tokeo ni pale mmoja wao anapoweza kutuma maombi ya kazi kwa barua pepe bila kusaidiwa.

Historia

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1993 iliyataka mashirika ya serikali kuu kuweka malengo na kutoa taarifa ya matokeo ya kazi yao. Taasisi ya serikali inayotoa ruzuku kwa makumbusho na maktaba, iliyoundwa mwaka 1996, ilihimiza maktaba kutathmini miradi yake kwa njia hiyo.

Mwaka 2013 Chama cha Maktaba za Umma, ambacho ni sehemu ya Chama cha Maktaba cha Marekani, kiliunda kikosi kazi cha kutafuta vipimo rahisi vinavyoweza kutumiwa hata na maktaba ndogo. Kazi yake ilizaa Project Outcome, iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa msaada wa fedha wa Bill & Melinda Gates Foundation. Mwaka 2019 lilitolewa toleo la maktaba za vyuo.

Pia Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 2014 kiwango ISO 16439, kinachohusu njia za kupima athari za maktaba.

Njia zinazotumika

Project Outcome hutumia hojaji fupi zilizotayarishwa kwa mada mbalimbali, zikiwemo stadi za kazi, usomaji wa watoto wadogo, matumizi ya kompyuta na usomaji wakati wa likizo ya kiangazi. Kwa kawaida hojaji huuliza mambo manne: kama mshiriki amejifunza kitu, kama anajiamini zaidi, kama ananuia kutumia alichojifunza, na kama sasa anazifahamu vizuri zaidi huduma za maktaba. Huongezwa maswali ya wazi kuhusu kilichompendeza na kinachofaa kurekebishwa.

Hojaji ya kwanza hujazwa mara tu programu inapomalizika. Ya pili hutumwa baada ya wiki kadhaa ili kujua kama nia iligeuka kuwa vitendo. Katika programu za watoto wadogo, wazazi au walezi ndio wanaojibu.

Ushiriki wa wafanyakazi

Wafanyakazi wengi hupokea upimaji kwa wasiwasi. Wengine huuona kuwa mzigo juu ya kazi za kila siku, na wengine huogopa kwamba majibu mabaya yatatumiwa kuwahukumu. Mfanyakazi mwenye hofu hiyo anaweza kugawa hojaji kwa washiriki walioonekana kufurahi tu, au kuacha kuzigawa kabisa. Takwimu zikikusanywa hivyo hupotosha uongozi.

Ili kupunguza hofu hiyo, wafanyakazi hushirikishwa tangu mwanzo:

* kuchagua programu itakayopimwa na kueleza badiliko linalotarajiwa;
* kuanza na programu moja au mbili;
* kufundishwa namna ya kugawa hojaji bila kumwelekeza mshiriki jibu;
* kusoma majibu pamoja, yakiwemo malalamiko;
* kuona jambo likibadilishwa kutokana na majibu, kama vile saa ya somo au idadi ya kompyuta.

Hatua ya mwisho ina uzito mkubwa. Hojaji zikiishia kwenye kabati, wafanyakazi huona wamepotezewa muda, na awamu inayofuata huwa ngumu. Uongozi nao hutakiwa kueleza mapema kwamba kinachopimwa ni programu, si mtu aliyeiendesha.

Mipaka

Hojaji hutegemea maneno ya washiriki wenyewe, na baadhi yao hutoa majibu mazuri kwa heshima tu. Washiriki wakiwa wachache, majibu yao hayawezi kuwakilisha jamii nzima. Aidha, mtu aliyepata kazi baada ya somo huenda alisaidiwa pia na mambo mengine, hivyo hojaji peke yake haithibitishi kwamba maktaba ndiyo iliyoleta badiliko hilo. Kwa sababu hiyo maktaba nyingine huongeza mahojiano na kulinganisha majibu ya vipindi mbalimbali. Majina ya wanaojibu hayatakiwi kuandikwa kwenye hojaji, ili waweze kusema ukweli na kulinda siri zao.