KIBANDA CHA KUPULIZIA RANGI: SOMA KWANZA KABLA HUJATOA HELA

Leo naongelea kitu ambacho washkaji wengi wananiuliza wakiona kazi zangu: kile kiboksi chenye feni ninachopulizia rangi ni cha nini, na wao wanunue kipi. Wengine wameshanunua tayari na wanakitumia ndivyo sivyo. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Kwa wasionifahamu, mimi natengeneza malori ya mfano. Nilipomaliza form four sikuendelea, nikakaa nyumbani hapa Tunduma nikikata maboksi na plastiki. Mji wetu ni wa malori, hilo halihitaji maelezo. Madereva wanasubiri kuvuka kwenda Nakonde, wengine siku moja, wengine zaidi, na hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2019 bado kuna siku foleni inakuwa si mchezo. Dereva akiona Scania ya urefu wa mkono wako, imepigwa rangi ikang'aa, lazima aulize kama unaweza kumtengenezea semi yake mwenyewe, na maandishi ya nyuma yawepo vilevile. Hapo ndipo hela ilipo, na hapo ndipo rangi inapoingia.

Mwanzoni nilikuwa natumia makopo ya spray. Baadaye nikapata eabrashi, yaani ile bunduki ndogo ya rangi inayoshikwa kama kalamu, nikaiunganisha na kompresa ya friji bovu. Chumba kimoja tulikuwa tunakaa mimi na mdogo wangu, mtaa wa Sogea, tumegawa kwa pazia. Mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, dirisha nimefunga na mlango nimefunga. Nikapuliza kichwa cha Volvo mpaka saa tano usiku, dogo amelala nyuma ya pazia. Yeye ana pumu. Saa saba usiku nikasikia anavuta pumzi kama filimbi, midomo imebadilika rangi. Tukambeba kwa bodaboda mpaka hospitali, akawekewa mashine ya kuvuta dawa, kukakucha yuko hai. Daktari aliponiuliza nyumbani mnatumia nini nikaangalia vidole vyangu, vilikuwa vyekundu vya rangi.

Toka siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu hii kitu. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA UJUE UNAPAMBANA NA NINI

Ukipuliza rangi unatoa vitu viwili hewani. Cha kwanza ni vumbi la rangi, vitone vidogo kiasi kwamba vingine vinapita pua na koo mpaka chini kabisa ya mapafu. Cha pili ni mvuke wa thina. Hivi viwili havizuiliwi na kitu kimoja, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Chujio la sponji au pamba kwenye kibanda linakamata vumbi. Mvuke unapita kama vile hakuna kitu. Kwa hiyo kibanda kinachovuta hewa, kikaichuja kwa sponji na kuirudisha chumbani humohumo, kimekusaidia meza isichafuke tu. Mapafu yako bado yako palepale. Wapo wanaouza vibanda vya hivyo bila bomba la nje na kuvisifia kwamba ni rahisi kubeba. Achana navyo.

Na hii ishu siyo ndogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya kupaka rangi kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani tangu mwaka 1989. Hao ni mafundi wanaoshinda kwenye rangi miaka na miaka, siyo mtu wa gari moja kwa wiki, lakini ukifanya biashara kama mimi unaanza kuwasogelea.

Halafu kuna moto. Thina nyingi zina tolueni, na tolueni inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzijoto 4. Yaani baridi yetu ya Julai haikuokoi. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kutambaa sakafuni kutafuta cheche. Jiko la mkaa liko mlangoni mama anapika maharage, wewe uko ndani unapuliza, hapo hamna usalama hata kidogo.

FENI NDIYO KIBANDA

Boksi mtu yeyote anaweza kutengeneza. Unachonunua kwa kweli ni feni. Kipimo kinachotumika siku nyingi ni kwamba hewa iingie mdomoni mwa kibanda kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Tufanye hesabu ya darasani: mdomo wa upana sm 60 na urefu sm 40 ni eneo la mita za mraba 0.24. Zidisha kwa 0.5 unapata mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, sawa na 7.2 kwa dakika. Kwenye maboksi mengi ya feni wanaandika CFM. Mita 1 ya ujazo kwa dakika ni kama CFM 35, kwa hiyo hapo unahitaji kama 255.

Sasa angalia vile vibanda vya kukunja kama begi vinavyotoka China. Vingi vya saizi ndogo vimeandikwa mita za ujazo kama 4 kwa dakika. Mdomo ukiwa sm 40 kwa 30 unahitaji 3.6, kwa hiyo kwenye karatasi kimepita. Lakini namba ile imepimwa feni ikiwa huru, bila chujio, bila bomba. Weka chujio, weka bomba lenye kona mbili, acha chujio lichafuke wiki mbili, uone kama kuna kitu kinavutwa. Mimi nasema feni iwe na nguvu mara moja na nusu ya hesabu, ikiwa mara mbili ndiyo vizuri zaidi. Bomba liwe fupi, limenyooka, na lisiwe jembamba kuliko mdomo wa feni.

Wadau wa kompyuta najua mnawaza nini: feni za PC mbovu. Nilijaribu. Feni moja ya sm 12 inatoa kama CFM 50 hadi 70 ikiwa huru, ukipanga nne unaona umemaliza kazi. Tatizo hazina msukumo, ukiziwekea chujio na bomba zinazunguka tu kama pambo. Kwa rangi ya maji, vitu vidogo, bomba fupi kabisa la dirishani, zinasaidia. Zaidi ya hapo hapana.

Nyingine ambayo ni ya hapa kwetu: feni za kabini na za rejeta wanazouza wauza vipuri chakavu. Zina nguvu ile mbaya, na zinakwenda kwa volti 24 au 12. Lakini nyingi mota zake zina kaboni, na kaboni ikizunguka inatoa cheche. Unavuta mvuke wa thina ukaupitishe juu ya cheche! Kama huna uhakika, mwambie fundi umeme akufungulie aangalie. Feni nzuri ni ile isiyo na kaboni, na bora zaidi ni ile ambayo mota yake imekaa nje ya njia ya hewa, hewa chafu haiigusi. Swichi, kompresa na taa ya waya waya viwe mbali na mdomo wa kibanda. Kompresa ya friji ina rilei inayotoa cheche kila ikiwaka, mimi yangu iko nje ya ukuta, mpira ndio unaingia ndani.

Ukishafunga, kijaribu bila rangi yoyote kuwa wazi. Ning'iniza kipande cha tishu mdomoni; kivutwe ndani kwa nguvu pembe zote, siyo katikati tu. Au washa ubani wa kijiti, thina ikiwa imefungwa na iko mbali, uone moshi unakwenda wapi. Ukirudi usoni kwako, bado. Tishu ikianza kulegea baada ya wiki kadhaa ujue chujio limejaa.

Na kitu ambacho sikukiwaza mwanzoni: hewa ikitoka lazima nyingine iingie. Ukifunga chumba chote feni inahangaika bure, na mbaya zaidi inaweza kunyonya moshi wa jiko la koridoni ikauleta kwenu. Acha upenyo upande wa nyuma yako, hewa ipite mgongoni, ipite kwenye gari, iende kwenye chujio. Usiingize kichwa ndani ya kibanda hata kama unapiga mstari mwembamba. Bomba nalo liangalie linapotokea. Viwanja vyetu vimebanana. Langu la kwanza lilimwagia mama wa chipsi jirani, akaja na maneno yake, na alikuwa na haki.

KUHUSU BARAKOA NA MAZIWA

Kuna imani kwa mafundi wengi kwamba ukinywa maziwa baada ya kupiga rangi yanasafisha kifua. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni. Kunywa kama una njaa. Barakoa za kitambaa zilizobaki tangu enzi za korona hazizuii mvuke, leso ya maji pia. Kinachofaa ni barakoa ya mpira yenye makopo mawili ya mkaa maalumu wa mvuke pamoja na chujio la vumbi. Za mfumo wa Ulaya tafuta alama A na P, rangi ya kahawia na nyeupe. Ukimaliza funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana mkaa ule unaendelea kunywa mvuke hata ikiwa imetundikwa ukutani. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, makopo yamekwisha. Na ule mkaa wa jiko aliotia mshkaji mmoja kwenye soksi, hapana.

Ila kuna rangi ambayo hata hiyo haitoshi kuitegemea. Ni ile ya gereji inayochanganywa na hadina, mafundi wanaiita tu-ki. Hadina yake ina isosayaneti, na hizi zinaweza kukupa pumu ambayo hukuwa nayo. Mwili ukishazikataa mara moja, safari nyingine kiasi kidogo tu kinatosha kukubana, na wakati mwingine kifua kinabana usiku, saa nyingi baada ya kazi, mtu anadhani ni baridi. Huwezi kutegemea pua ikuonye. Wanaozipuliza inavyotakiwa wanavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, ndani ya chumba ambacho hewa inashuka toka juu kwenda sakafuni. Najua inang'aa kuliko zote na wateja wanaipenda. Kwenye kibanda cha mezani usiiguse. Na wewe unayefanya udei-waka gereji, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na OSHA ndio wasimamizi.

Mimi sasa hivi natumia akriliki ya maji karibu kazi zote. Haina mng'ao uleule, nakubali, nafidia kwa msasa wa maji na uvumilivu. Vumbi lake bado halifai kuvutwa, kwa hiyo kibanda kinawaka palepale, na nakiacha kizunguke kama dakika kumi baada ya kumaliza. Thina ya kuoshea inakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Vitambaa vya rangi ya mafuta sivirundiki pembeni, maana baadhi ya mafuta yanayokauka yanajipasha moto yenyewe. Natia kwenye kopo la maji. Ndoo ya mchanga iko mlangoni, na namba ya zimamoto 114 nimeiandika ukutani kwa eabrashi hiyohiyo.

Kibanda chenyewe nimekihamishia kwenye banda la nje, la mabati, tuliokuwa tunafugia kuku. Dogo haruhusiwi kuingia. Anakaa mlangoni, upande upepo unakotoka, ananichagulia rangi, na mpaka leo kila semi anataka iwe ya bluu.

Mwenye swali kuhusu feni aliyonayo aandike hapo chini volti, CFM na saizi ya mdomo, tupige hesabu pamoja.